AAS, ICP-OES, ICP-MS au XRF: uchague kipimo kipi cha metali?

Mtu anayefika maabara na chupa ya maji ya kisima mkono mmoja na mfuko wa udongo mkono wa pili huwa na swali moja: "Humu mna risasi au hamna?" Swali ni moja, ila majibu yake hayatoki kwenye mashine moja. Udongo ule ungeweza kupimwa palepale uani kwa kifaa cha kushika mkononi, na jibu likapatikana kabla chai haijapoa. Maji yale kifaa hicho hakiyawezi. Na ikiwa mtoto wa nyumba hiyo naye ametolewa damu, hiyo ni safari ya tatu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mkuu wa maabara ya maji amepewa fedha za mashine moja tu. Mwanafunzi wa uzamili anapanga bajeti ya sampuli mia mbili za dagaa. Afisa mazingira ametumwa kwenye mtaa uliokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Mchimbaji wa Chunya au Migori anataka kujua mwamba wake una gramu ngapi za dhahabu kwa tani. Kila mmoja huletewa orodha ya herufi na bei mbele yake, kisha huambiwa achague. Ulinganisho huu ni kwa ajili yao. Unahusu metali peke yake. Anayechunguza ubora wa dawa, mafuta au maziwa atahitaji mbinu zinazosoma molekuli, kama infraredi, na hizo zina hesabu nyingine.

Chimbuko lao ni moja

Maji ya chumvi yakifurika juu ya jiko la gesi, mwali wa buluu hugeuka manjano. Hiyo ni sodiamu inajitaja jina. Moto umezipa elektroni za atomu zake nishati, zikapanda ngazi. Zinaposhuka huirudisha nishati hiyo kama mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Kila elementi ina ngazi zake, kwa hiyo kila elementi ina rangi zake. Mwaka 1860, pale Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliyachunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim kwa njia hii, wakaona mistari miwili ya buluu ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana. Ndivyo sesiamu ilivyogunduliwa.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. AAS (kifupi cha Kiingereza cha atomic absorption spectrometry) huangalia mwanga unaomezwa na atomu. ICP-OES (inductively coupled plasma optical emission spectrometry) huangalia mwanga unaotolewa. XRF (X-ray fluorescence) nayo husoma kinachotolewa, ila ni eksirei kutoka kwa elektroni za ndani. ICP-MS (inductively coupled plasma mass spectrometry) haiangalii mwanga hata kidogo: hupanga atomu kwa uzito na kuzihesabu. Wakemia huiweka katika ukoo huu kwa kuwa inatumia plasma, yaani gesi yenye joto kali mno, ileile ya ICP-OES, na kwa kuwa anayenunua huzikuta zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Maswali ya kujiuliza kwanza

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kiwango unachotakiwa kukisimamia ni kipi? Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kwa rangi za nyumba, WHO na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hupendekeza isizidi miligramu 90 kwa kilo. Kwa udongo wa mahali wanapochezea watoto, Marekani ilitumia kwa miaka mingi miligramu 400 kwa kilo. Ukizingatia kuwa lita ya maji ni takriban kilo moja, kati ya kiwango kile cha maji na hiki cha udongo kuna tofauti ya mara 40,000. Hakuna ajabu kwamba mashine inayotosha kwa kimoja ni kipofu kwa kingine. Mazoea mazuri ni kutafuta mashine ambayo kikomo chake cha kuona kiko chini ya kiwango chako angalau mara kumi. Kwa risasi ya maji, basi, ni mikrogramu 1 kwa lita.

La pili, sampuli yako ni nini: maji, damu, samaki, mwamba, ukuta uliopakwa rangi? Je, inaruhusiwa kuharibiwa? La tatu, unatafuta elementi ngapi, na katika sampuli ngapi kwa wiki? La nne, ndani ya sampuli hiyo kuna nini kingine kinachoweza kuidanganya mashine? Na la tano, ambalo watu hulikumbuka mashine ikiwa imeshapita bandarini: umeme, gesi, fundi na mtu wa kuiendesha vipo?

Kila mashine nitaipitisha kwenye maswali hayohayo.

AAS: ya mwali, na ndugu zake

*Inavyofanya kazi.* Sampuli iliyoyeyushwa hunyunyizwa kwenye mwali wa hewa na asetilini, wenye joto la nyuzi 2,300 hivi za Selsiasi, atomu zikaachana. Taa ya pekee iliyotengenezwa kwa elementi unayoitafuta hupitisha mwanga wake katikati ya mwali. Taa ya risasi hutoa rangi za risasi, nazo humezwa na atomu za risasi peke yake. Kadiri mwanga unavyopungua ndivyo atomu zilivyo nyingi. Alan Walsh wa Australia ndiye aliyeifanya hii kuwa mbinu ya maabara, katika andiko lake la mwaka 1955, na msingi wake haujabadilika.

*Inaona hadi wapi.* Kwa sodiamu, potasiamu, kalisiamu, magnesiamu, chuma, shaba na zinki, AAS ya mwali inatosha kwa kazi nyingi za maji, udongo wa shamba na chakula. Kwa risasi huishia karibu na mikrogramu 10 hadi 20 kwa lita. Tazama tena kiwango cha WHO. Mashine inaanza kuona palepale ambapo hatari imeshakubaliwa kuwa hatari.

Nimewahi kuonyeshwa cheti cha kisima cha shule. Kwenye mstari wa risasi kiliandikwa "chini ya 0.05 mg/L", na chini yake "maji ni salama". Miligramu 0.05 ni mikrogramu 50. Kisima hicho kingeweza kuwa na risasi mara nne ya kiwango, na cheti kingesomeka vilevile. Aliyekiandika hakusema uongo, maana mashine yake haikuona kitu kweli. Lakini watoto wale walikuwa wakinywa maji ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima, na walimu wakiwa na karatasi yenye muhuri. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kulizuia hakuhitaji fedha: kunahitaji mtu mmoja kulinganisha namba mbili kabla ya kutia saini.

Dawa yake ipo ndani ya ukoo huohuo. Ukiondoa mwali ukaweka tanuri la grafiti, tone la mikrolita 20 hukaushwa, huchomwa, kisha hugeuzwa mvuke ndani ya bomba dogo, na kikomo cha risasi kinashuka hadi chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Gharama yake ni muda: kila usomaji huchukua dakika mbili au tatu, tena kwa elementi moja. Zebaki ina njia yake, mvuke baridi: hutolewa kwenye myeyusho kwa kloridi ya bati na kusomwa kwenye nanomita 253.7 bila moto wowote. Aseniki hugeuzwa kwanza kuwa gesi kwa kutumia borohidridi ya sodiamu.

*Sampuli na maandalizi.* Kila kitu lazima kiwe maji. Udongo, samaki na mwamba humeng'enywa kwa asidi zenye joto ndani ya chemba ya kuvutia moshi. Maji ya kisima hutiwa asidi ya nitriki mapema, pH ikashuka chini ya 2. Bila hivyo risasi hung'ang'ania kuta za chupa na usomaji unashuka siku hadi siku.

*Inapokosea.* Si mara nyingi, na hilo ni la kuipendea. Yapo matatizo ya kemia, kama fosfati inayoshika kalisiamu isiachane, ambayo hutatuliwa kwa kuongeza lanthanamu. Tanuri la grafiti ni jeuri zaidi: chumvi nyingi hutoa moshi unaozuia mwanga kana kwamba ni atomu, kwa hiyo urekebishaji wa mandharinyuma, yaani kuutoa moshi huo kwenye hesabu, si wa hiari.

*Inachodai.* Mtungi wa asetilini, hewa safi iliyokandamizwa, taa moja kwa kila elementi (au moja kwa chache zinazopatana). Asetilini huhifadhiwa ikiwa imeyeyushwa ndani ya asetoni, kwa hiyo mtungi hubadilishwa kabla haujaisha kabisa, vinginevyo asetoni huingia kwenye mwali. Na bomba lake lisiwe la shaba tupu: shaba na asetilini huunda kitu kinacholipuka. Mafundi wa gesi wa mjini hawalijui hili sikuzote, uwaambie.

*Inamfaa nani.* Maabara inayopima elementi chache zilezile kila siku: udongo wa wakulima, maji ya matumizi ya kawaida, vyakula, na dhahabu. Ndiyo, dhahabu. Njia iliyozoeleka ni kuyeyusha gramu 30 au 50 za mwamba uliosagwa pamoja na oksidi ya risasi, dhahabu ikakusanywa na risasi, kisha kitone kilichobaki kikayeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki na kusomwa kwenye AAS. Pia inamfaa anayefundisha, kwa sababu mwanafunzi huiona kanuni kwa macho yake.

ICP-OES: mistari yote kwa mkupuo

*Inavyofanya kazi.* Badala ya mwali kuna plasma ya gesi ya argoni, inayoshikiliwa na mawimbi ya redio, yenye joto la kati ya kelvini 6,000 na 10,000. Uso wa jua una kelvini 5,800 hivi. Ndani ya joto hilo karibu kila elementi huwaka kwa rangi zake, na mashine huzisoma zote pamoja.

*Inaona hadi wapi.* Kwa elementi nyingi ni mikrogramu chache kwa lita. Risasi huwa kati ya 1 na 10, kutegemea mashine na kama inaitazama plasma kwa urefu au kwa ubavu. Yaani ni bora kuliko mwali, ila kwa maji ya kunywa bado iko ukingoni. Sifa yake kubwa ni upana: inaweza kusoma kalisiamu ya miligramu mia kwa lita na manganizi kidogo sana katika usomaji uleule, bila kuchanganya upya.

*Sampuli na maandalizi.* Kama AAS: kimiminika, asidi, uchujaji. Huvumilia chumvi nyingi kuliko ndugu yake ICP-MS, na kwa maji ya bahari, majitaka ya viwanda na udongo uliomeng'enywa hilo lina thamani kubwa.

*Inapokosea.* Kila elementi ikiimba kwa sauti yake, sauti nyingine hugongana. Mfano wa vitabuni ni kadimiamu kwenye nanomita 228.802 na aseniki kwenye 228.812. Mtu akichagua mstari huo bila kuangalia, sampuli yenye aseniki nyingi itaonyesha kadimiamu ambayo haipo. Alumini nayo huvuruga mstari maarufu wa risasi wa 220.353, na udongo wetu mwekundu umejaa alumini na chuma. Suluhisho ni kusoma mistari miwili au mitatu ya elementi moja na kuona kama inakubaliana. Hii ni kazi ya akili ya mchambuzi, programu haiwezi kumfanyia yote.

*Inachodai.* Argoni. Hesabu ni hii: plasma hunywa lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 una kama lita 10,000 za gesi, nao kwa lita 17 kwa dakika huisha baada ya saa kumi hivi. Maabara iliyo Dar es Salaam au Nairobi huagiza mwingine kesho yake. Iliyo mbali husubiri lori. Umeme ukikatika plasma huzimika, na baada ya kuiwasha tena unangoja itulie na kurudia myeyusho sanifu, ule wenye kiasi kinachojulikana cha kuipimia mashine. Bei ya mashine ni kubwa kuliko ya AAS, mara mbili au zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye sampuli nyingi na elementi nyingi. Ukipima elementi kumi na tano katika sampuli mia, AAS ya mwali itakubadilishia taa wiki nzima; ICP-OES hutumia dakika moja au mbili kwa sampuli. Utafiti wa udongo wa nchi nzima, maabara za migodi na viwanda vya mbolea huishi kwayo. Mwenye sampuli kumi kwa mwezi atakuwa analipia argoni ya kupasha mashine joto.

ICP-MS: kuhesabu atomu

*Inavyofanya kazi.* Plasma ileile, lakini atomu huvutwa zikiwa ioni, yaani zimepata chaji ya umeme, kupitia vitundu vidogo vya koni za metali hadi kwenye ombwe, zikapangwa kwa uzito na kuhesabiwa. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1980 kutoka Ames, jimbo la Iowa, Marekani.

*Inaona hadi wapi.* Nanogramu kwa lita, yaani sehemu ya elfu ya mikrogramu. Risasi, aseniki, kadimiamu na urani za maji ya kunywa zote husomwa pamoja, mbali chini ya viwango. Zaidi ya hapo huona isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Risasi ina 206, 207 na 208, na uwiano wake hutofautiana kulingana na mgodi ilikotoka. Kwa hiyo inawezekana kuuliza kama risasi iliyo kwenye damu inafanana na ya kiwanda au na ya rangi ya ukuta. Hakuna nyingine kati ya hizi nne inayofanya hivyo.

*Sampuli na maandalizi.* Chumvi zilizoyeyuka zisizidi kama gramu 2 kwa lita. Maji ya bahari yana 35, lazima yazimuliwe sana. Asidi ziwe za usafi wa juu kabisa, maji yawe yamesafishwa hadi karibu yasipitishe umeme (ukinzani wa megaomu 18.2 kwa sentimita). Vumbi la dirishani ni uchafuzi. Mara nyingi ukomo halisi wa mashine hii huwekwa na usafi wa chumba na mikono.

*Inapokosea.* Hapa watu wa pwani tuna sababu ya kuwa macho. Argoni ina uzito wa 40, klorini 35. Zikishikana ndani ya plasma hutoa kitu chenye uzito wa 75, ambao ndio uzito wa aseniki. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari, kama vilivyo vingi Mombasa na Zanzibar, kinaweza kuonyesha aseniki iliyozaliwa ndani ya mashine yenyewe. Chemba ya kugonganisha yenye gesi ya heliamu huivunja nguvu ioni hiyo ya uongo, kwa hiyo uliza kama imetumika. Zebaki nayo hunata kwenye mirija na kuchafua sampuli zinazofuata. Wengi hutia dhahabu kidogo kwenye maji ya kusuuzia ili kuiondoa.

*Inachodai.* Ghali kuliko zote hapa, inakula argoni kama ICP-OES, inataka kiyoyozi, pampu za ombwe zisizozimwa, na mchambuzi aliyekaa nayo miezi mingi. Nimeshuhudia mashine ya namna hii ikiwa imefunikwa kitambaa kwa zaidi ya mwaka, koni zimechakaa na bajeti ya vipuri haikuwahi kuandikwa.

*Inamfaa nani.* Maabara ya rufaa ya taifa au kanda, damu na mkojo, maji ya kunywa, chakula cha kuuzwa nje chenye masharti makali, na watafiti wa isotopu. Mtafiti mmojammoja anafaa kununua muda wa mashine hii, si mashine.

XRF: bila kuyeyusha chochote

*Inavyofanya kazi.* Kifaa huipiga sampuli kwa eksirei, elektroni ya ndani ya atomu ikang'oka. Nyingine hushuka kuziba pengo, na kwa kushuka huko hutoa eksirei yenye nishati ya elementi ile. Mwaka 1913 Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, alionyesha kuwa nishati hizo hupanda kwa mpangilio ukifuata namba ya atomu. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Kila bunduki ya XRF inayoelekezwa ukutani leo imesimama juu ya kazi yake.

*Inaona hadi wapi.* Zile za mkononi huona risasi ya udongo kuanzia miligramu kumi hivi kwa kilo. Kwa kiwango cha 400, au hata cha rangi cha 90, inatosha kuchuja chafu na safi. Kwa maji ya kunywa haifai kabisa. Elementi nyepesi kuliko magnesiamu haizioni: hakuna kaboni, hakuna naitrojeni, hakuna florini, kwa hiyo anayehangaika na floridi ya maji ya Arusha hapa hana msaada.

*Sampuli na maandalizi.* Hapa ndipo inapozishinda zote. Ukuta hupimwa ukiwa ukuta. Bangili hurudi kwa mwenyewe. Udongo hukaushwa, huchekechwa na kusomwa kwa dakika moja; siku moja inatosha kuchora ramani ya mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Bangladesh wakaguzi walienda na vifaa hivi sokoni kusaka bizari ya manjano iliyotiwa kromati ya risasi ili ing'ae.

*Inapokosea.* Kwa njia nne ninazozijua vizuri. Udongo mbichi husomeka pungufu, hasa unyevu ukipita asilimia 20. Husoma tabaka la juu tu, kwa hiyo pete ya shaba iliyochovywa dhahabu inaweza kumdanganya sonara. Sampuli isiyosagwa sawasawa hutoa jibu jipya kila unaposogeza kifaa. Na risasi hugongana na aseniki: eksirei kuu ya aseniki ina nishati ya 10.54 na ya risasi 10.55, katika kipimo cha kiloelektronivolti. Mahali penye risasi nyingi, usomaji wa aseniki usiaminiwe bila kuthibitishwa kwa mashine nyingine.

Mchimbaji ninamwambia hili kwa msisitizo. Mwamba wenye gramu 3 za dhahabu kwa tani una sehemu tatu katika milioni, na mistari ya zinki na aseniki iko jirani na ya dhahabu. Kifaa cha mkononi kikikuonyesha dhahabu kwenye mwamba wa kawaida, usikope fedha kwa jibu hilo. Kinachoweza kufanya vizuri ni kusoma aseniki, shaba na chuma zinazofuatana na dhahabu, kisha ukajua pa kuchukua sampuli za kuyeyusha.

*Inachodai.* Betri. Hakuna gesi wala asidi. Lakini hutoa mionzi, hivyo kinahitaji kibali cha mamlaka ya mionzi ya nchi na mtu aliyefunzwa. Kamwe kisielekezwe mkononi ukishikilia sampuli, wala mbele ya watoto wanaokusanyika kutazama. Na watakusanyika.

*Inamfaa nani.* Afisa mazingira, mkaguzi wa rangi na vifaa vya kuchezea, mtafiti wa udongo mwenye sehemu nyingi na siku chache, mnunuzi wa vyuma chakavu, jumba la makumbusho.

Kulingana na hali yako

Maabara ya maji yenye fedha za mashine moja: tazama orodha ya viwango unavyolazimika kuvithibitisha kwa sheria. Ikiwa nyingi ni chuma, manganizi, kalisiamu na sodiamu, AAS yenye mwali na tanuri la grafiti itakutosha kwa miaka mingi, na risasi utaipima kwa tanuri. Ikiwa unahudumia mikoa kadhaa na sampuli ni mamia kwa mwezi, ICP-OES inajilipa, lakini risasi, aseniki na kadimiamu uwe na njia nyingine ya kuzithibitisha.

Mwanafunzi mwenye dagaa mia mbili: ukitafuta zebaki peke yake, mvuke baridi wa AAS ni sahihi na nafuu, hakuna sababu ya kwenda mbali. Ukitafuta zebaki, kadimiamu, aseniki na risasi kwa pamoja, lipia ICP-MS. Kumbuka kwamba itakupa aseniki yote kwa jumla, na katika samaki sehemu kubwa yake huwa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Kuitenganisha kunahitaji hatua nyingine kabla ya mashine, nayo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mchimbaji: kuyeyusha kwa oksidi ya risasi na kumalizia kwa AAS. Tumia fedha yako kwenye uchukuaji wa sampuli, kwa maana dhahabu haikusambaa sawa kwenye mwamba, na kifuko kimoja kilichookotwa mahali pazuri hakiuelezi mgodi.

Yeyote anayepeleka sampuli kwa wengine aulize kwa maandishi, kabla hajalipa: mtatumia mbinu gani, kikomo chenu cha kuona kwa elementi hii ni kipi, mmepima sampuli tupu (isiyo na metali hiyo) na sampuli rejea (ambayo kiasi chake kinajulikana) pamoja na zangu, na je, kipimo hiki kimo kwenye ithibati yenu ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara? Maabara nzuri hujibu siku hiyohiyo.

Halafu kuna mtaa ulio jirani na kiwanda cha betri. Owino Uhuru, Mombasa, ndio unaojulikana zaidi kwetu. Vipimo vya damu na udongo vilikuwa sehemu ya madai ya wakazi, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Kwa mtaa wa namna hiyo mashine hazishindani, zinapokezana. XRF hutembea kwanza, uani, mlangoni, kwenye vumbi la dirisha, na kuonyesha nyumba zipi ni za dharura. Sehemu ya sampuli hizo huenda maabara zikamalizwe kwa AAS au ICP-OES, ili namba zisimame mbele ya hakimu. Maji ya kisima na maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati huenda kwenye tanuri la grafiti au ICP-MS.

Damu ya watoto ianze siku ya kwanza, isingoje ramani ya udongo. WHO inataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, sawa na 50 kwa lita, na tanuri la grafiti na ICP-MS zote mbili zinaiona vizuri. Mirija iwe ile iliyothibitishwa haina risasi. Na kabla ya kumchoma mtoto kidoleni, aoshwe mikono kwa sabuni na maji yaletwayo kutoka nje ya mtaa ule, kisha akaushwe kwa karatasi safi, kwa sababu vumbi la uani kwake, likibaki kwenye ngozi, litaingia kwenye tone la damu na kusomwa kama lilikuwa mwilini.